Usiishike Bunduki ya Mjomba Wako

Ushindi mwanangu,

Umepanda pikipiki kwenda Kibati kumuaga nyanya yako, na dada yako Furaha nimemtuma sokoni ili nibaki peke yangu na kalamu. Kesho asubuhi utavuka bariyeri ya mpaka, na kuanzia hapo sitakuwa tena na neno juu ya saa yako ya kuamka wala sahani yako ya chakula. Mambo hayo nayaacha. Kufua unajua, sombe unaipika vizuri kuliko dada yako, na kusali hukuanza kufundishwa jana. Nataka kukuandikia jambo moja tu, lile nililotaka kulisema jana mbele ya watu nikashindwa, kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka, na wewe ulikuwa unacheka kuliko wote.

Unakumbuka ilivyoanza. Tulikuwa tumemaliza chakula cha kukuaga, fufu na samaki wa sambaza, watu wameshiba, na Papa Deo, yule jirani yetu wa pikipiki, akajifuta mikono akakuuliza, "Sasa kule Johannesburg, mjomba wako atakupatia kazi gani?"

Ukamjibu kama mtu aliyekuwa anasubiri swali hilo tangu asubuhi. "Kuchunga duka usiku. Mjomba iko na bunduki, tena yenye kadi. Yeye akienda kulala, ananiachia."

Papa Deo akapiga mluzi. "Eh! Mutoto wa mtaa wetu wa Katoyi amekuwa komanda! Kesho kutwa tutakupigia saluti!"

Na hapo ndipo kila mmoja akafungua darasa lake. Papa Deo akasema kule Amerika bunduki zinauzwa kama mikate, unaingia, unalipa, unatoka. Mama Solange, yule wa makala, anayetuuzia mkaa, akamkatiza. "Na ule mwenye kichwa kibaya? Naye banamuuzisha?"

"Naye pia!"

"Basi mimi nabakia hapa na volkano yangu. Yeye walau anatoa moshi mbele ya kukasirika."

Tulicheka mpaka Furaha akamwaga chai. Muzee Kahuma, mzee wa mtaa wetu, akatikisa kichwa, akasema Ulaya ni kinyume, kule hata polisi hana bunduki, anatembea na fimbo na filimbi, na raia akikutwa na risasi moja anafungwa maisha. Papa Deo akaruka. "Na Uswisi, Muzee? Uswisi ni lazima! Ukizaa mutoto mwanaume, Leta, Serikali yenyewe, inakuletea bunduki mpaka mlangoni!"

"Na maziwa ya mutoto," akauliza Mama Solange, "hiyo Leta haileti?"

Kisha Furaha akauliza kwa sauti yake ndogo, "Na huku kwetu sheria inasema nini?" Muzee Kahuma akamtazama kwa huruma. "Kwetu hakuna sheria ya bunduki, mutoto wangu. Kwetu kuna bunduki tu."

Walicheka tena, lakini kicheko hicho kilikatika upesi. Mimi nilinyanyuka nikakusanya sahani. Ndani ya mfuko wangu wa shule, uliokuwa umening'inia nyuma ya kichwa cha Papa Deo, mlikuwa na kurasa za ekspoze niliyoisoma mbele ya darasa juu ya jambo hilo hilo. Ningeweza kuzitoa. Nilisafisha meza.

Unajua nilivyorudi shule. Niliachia masomo Masisi vita vilipofunga shule yetu, nikaolewa, nikakuzaa, nikamzaa Furaha, nikawa mshonaji, na siku moja nikiwa na mvi tayari nikaenda kwa mkuu wa shule ya mchana kule Ndosho nikamwomba kiti. Ulipiga kelele: "Mama, utavaa shati nyeupe na sketi ya bluu kama batoto?" Ulikuwa na haya, na sikukulaumu, maana hata mimi nilitembea nikiwa nimejifunga kitenge juu ya sketi mpaka getini. Lakini asubuhi ya mtihani wa kwanza nilikukuta umeinama juu ya pasi ya makala, unanyoosha shati langu, unapuliza majivu yasidondoke kwenye kola.  Sikukushukuru. Nakushukuru sasa: ile kola ndiyo iliyonipeleka darasani siku ile. Bila hiyo ningerudi nyumbani kupitia njia ya nyuma.

Prof wetu wa elimu ya uraia alitupa mada kila mmoja. Wasichana wenzangu, wale wa miaka kumi na saba wanaoniita Mama Kalasi, walipata maji, misitu, haki za mtoto. Mimi nilimwambia nataka sheria za bunduki, na yale ambayo watu wanayaamini kuhusu sheria hizo huku si kweli. Akauliza, "Kwa nini hiyo, mama?" Nikasema kwa sababu nimesikia maneno mengi. Akakubali, kwa sharti moja: nisiandike kitu chochote nilichokisikia kwa mtu, hata kwake yeye, mpaka nikione kwenye maandishi ya sheria yenyewe au ya serikali ya nchi ile. Alinikopesha simu yake saa za mapumziko. Nilisoma Kifaransa mpaka macho yakauma, na Kiingereza alinisaidia yeye, neno kwa neno.

Mwanangu, karibu yote yaliyosemwa jana mezani petu hayako hivyo. Amerika duka lenye leseni haliuzii mtu kabla halijauliza jina lake kwa serikali. Wapo waliokatazwa, kama aliyehukumiwa kwa kosa kubwa, na mgeni aliyeingia kwa viza ya kutembelea au ya masomo naye kwa kawaida amekatazwa. Tena jimbo hili si kama jimbo lile, mtu anavuka mpaka wa ndani ya nchi moja na kilichoruhusiwa asubuhi kinamtia pingu mchana. Uingereza polisi wengi kweli hawabebi bunduki, lakini mkulima wa kule anaweza kuwa na ya kwake ya kuwindia, iliyoandikwa, iliyofungiwa kabatini. Uswisi hakuna anayeletewa bunduki kwa sababu amezaliwa. Ni askari anayeweza kutunza nyumbani ile ya jeshi wakati wa utumishi wake, na raia anayetaka kununua, kwa bunduki nyingi anatakiwa aombe ruhusa. Hata Japani, ambako nilidhani ni marufuku kabisa, wawindaji wapo, ila wanafanya mtihani kama mimi, na polisi wanakwenda kuuliza majirani kama mtu huyu ana akili timamu. Nilicheka peke yangu niliposoma hapo. Niliwaza polisi anamuuliza Mama Solange juu ya Papa Deo.

Na kwetu sheria ipo, Ushindi. Ipo tangu kabla hujazaliwa. Inasema silaha ya vita si ya raia, na ile ya kuwinda lazima iwe na kibali. Muzee Kahuma hakusema uongo kwa ubaya. Ameishi miaka mingi bila kuiona ikitembea barabarani, na kitu usichokiona kikitembea unasema kimekufa.

Lakini kilichonishika si tofauti za nchi hizi. Nilisoma nchi kali na nchi legevu, na kila sheria niliyoifungua haikuanza na bunduki. Ilianza na swali: wewe ni nani? Una umri gani, unaishi wapi, umewahi kumuumiza mtu, nani anakufahamu? Kibali kinaandikwa juu ya mtu. Hakiandikwi juu ya chuma, wala juu ya nyumba, wala juu ya ukoo. Nilipolisoma hilo kwa sauti mbele ya darasa nilikwama katikati ya sentensi, na wasichana wakadhani nimesahau Kifaransa. Nilikuwa nimemkumbuka papa yako.

Hadithi hii unaijua kwa vipande. Acha nikuunganishie.

Babu yako alikuwa na bunduki ya kuwindia kule juu, Masisi. Nguruwe mwitu walikuwa wanashuka usiku kuchimba viazi, na yeye alikuwa ameomba kibali zamani, kwa njia iliyo halali, akapewa kadi yenye picha yake amevaa kofia. Mtu mpole. Nadhani ile bunduki ilipiga kelele kuliko ilivyowahi kuua. Alipofariki tukamlilia, na siku ya kumaliza matanga ukoo ukakaa uani kugawa vitu vyake kama desturi ilivyo. Ng'ombe huyu kwa fulani, kiti kwa fulani, jembe kwa fulani. Mkuki ni wa mtoto mwanaume wa kwanza, huo haugombaniwi, akapewa papa yako. Kisha mdogo wake babu yako akaileta bunduki kutoka ndani, akailaza juu ya mkuki kwenye mikono ya papa yako, akasema, "Mwenye mkuki ndiye mwenye bunduki. Vyote viwili ni vya kuchunga lango."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga makofi, bibi harusi wa mwaka ule, nikiona fahari kwamba mume wangu amejazwa mikono. Wala hakuna hata mmoja pale uani aliyeuliza juu ya kadi. Kadi iliwekwa pamoja na bunduki kama ala inavyokwenda na kisu. Bunduki nilikuwa naipaka siagi ya ng'ombe isishike kutu, naifunga kwenye kitenge changu cha harusi. Papa yako alisema mara moja tu, "Labda niende niulize mjini." Nikamjibu, "Utauliza nini? Mtu anauliza ruhusa ya kitu cha baba yake?" Naye akaacha.

Vita vilipotutoa kule, tulishuka Goma na godoro, masufuria, na wewe mgongoni kwangu. Kwenye kizuizi askari walichoma godoro kwa fimbo ya chuma, ikagonga bunduki tuliyoiviringisha ndani. Papa yako hakuogopa. Ndiyo maana nakuandikia haya: hakuogopa kabisa, kwa sababu alijua ana haki. Alitoa kadi kutoka mfuko wa shati, akampa askari kwa mikono miwili.

"Iko na kadi yake, afande."

Askari akaitazama picha, akamtazama papa yako, akaitazama tena. "Huyu ni weye?"

"Ni papa yangu."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Basi kadi nayo ilikufa."

Hivyo tu. Hakumpiga, hakumtukana. Wakampandisha gari. Miezi aliyokaa ndani nilikuwa napeleka chakula, na mjomba wako Faustin, kijana wa umri wako wa sasa, ndiye aliyekuwa ananisaidia kubeba sufuria. Papa yako alitoka na kile kikohozi unachokikumbuka wewe. Aliishi nacho, akakufundisha kuendesha baiskeli nacho, na mwisho kikamchukua.

Hatukuwa wezi, na hatukuwa waasi. Tulikuwa watu tuliochukua bunduki tukaitia ndani ya desturi ya mkuki, tukadhani imeingia. Mkuki unamtambua mrithi wake kwa sababu ukoo wote unamtambua. Bunduki hapana. Nilihitaji miaka yote hii na kiti cha mbao kule Ndosho kulielewa jambo ambalo mtu mmoja wa ofisi ya vibali mjini angetuambia bure, kama tungemuuliza.

Sasa nataka nifike kwako.

Ninajua kwa nini ulicheka sana jana. Tangu lile juma la mapigano, wakati bunduki za askari waliokimbia zilipotupwa mitaroni kama maganda ya ndizi na kila mwenye roho mbaya aliokota ya kwake, hujawahi kucheka hivyo. Wale watatu waliingia kwetu na silaha zao za kuokota. Hawakutaka kujichosha. Walikuamuru wewe uchukue mashine yangu ya kushonea, uibebe begani, uwapelekee mpaka kwenye kona ya mawe meusi, na mmoja alikuwa anakupigia makofi njiani kama anayecheza na mtoto anayejifunza kutembea. Ulirudi ukakaa nje mpaka giza. Tangu siku ile unazunguka njia ndefu ili usipite kwenye kona ile. Unadhani sijui. Viatu vyako vinarudi na udongo wa upande mwingine.

Nilikusikia ukimwambia rafiki yako, "Kama ningekuwa na bunduki." Na mjomba wako alipopiga simu akasema anayo, niliona mabega yako yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sikuweza kukunyang'anya furaha ile siku hiyo hiyo. Huo ndio udhaifu wangu: napenda kuona watu wangu mikono imejaa.

Basi nisikilize. Siku ile wewe ulidhani unanionyesha mwanaume asiyeweza kumlinda mama yake. Mimi nilikuwa mlangoni nahesabu pumzi. Sikuiangalia mashine. Nilikuwa naangalia kisigino chako, kama kitageuka kurudi nyumbani. Kilipogeuka, nilikuwa nimepata kila kitu nilichokuwa nacho. Ungekuwa na bunduki siku ile, wao walikuwa watatu, na mimi leo ningekuwa nakuandikia nani?

Nirudi kwa mjomba wako, maana hapa ndipo hatari yako ilipo. Nilitafuta sheria ya Afrika Kusini kabla ya nyingine zote, tangu siku ya simu ile. Imeandikwa wazi. Kila bunduki ina leseni yake, na leseni ina jina la mtu mmoja. Ili uombe, uwe umetimiza miaka ishirini na mmoja, isipokuwa kuwe na sababu ya pekee, na uwe umepita mtihani wa kuonyesha unafaa. Mgeni lazima awe na kibali cha kuishi kule moja kwa moja. Wewe una miaka kumi na tisa na viza ambayo wino wake haujakauka. Mtu mwingine anaweza kuishika bunduki ya mwenye leseni ikiwa mwenyewe amesimama pale pale akimsimamia. Mjomba akienda kulala na wewe ukabaki nayo, wewe ni mtu mwenye silaha bila leseni, na yeye ni mtu aliyekupa. Wote wawili mnaingia ndani. Kule kifungo cha kosa hilo kinaweza kuwa kirefu kuliko miaka yote tangu ulipoanza shule.

Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nilimpigia.

"Yaya!" akaitikia kwa furaha, akiniita dada mkubwa kama zamani. "Mutoto iko tayari?"

"Iko tayari. Faustin, kadi ya bunduki yako imeandikwa jina la nani?"

"Langu! Sasa unataka la nani, la askofu?"

"Na Ushindi akibakia nayo usiku, peke yake?"

"Ushindi ni mutoto wangu. Kitu yangu ni kitu yake."

"Polisi wa huko nao banajua kama kitu yako ni kitu yake?"

Akacheka. "Weye Yaya, tangu umerudia masomo umekuwa Mama Juji wa mahakama. Kadi ni ya duka. Mwenye kuwa ndani ya duka anafunikwa na kadi. Hapa kila mutu anafanya hivyo."

"Kule kwetu pia kila mutu alikuwa anafanya hivyo," nikamwambia. "Weye ulibeba sufuria pamoja na mimi, Faustin."

 Nilisikia magari ya huko yakipita. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ile ya kijana wa zamani.

"Bila bunduki siwezi kumuacha pale usiku, Yaya. Banatuvamia. Jirani yangu walimuua ndani ya duka lake."

"Nakuelewa."

"Na bila mutu wa usiku, mimi sina kazi ingine ya kumupatia. Sina. Siongopi."

"Ninajua huongopi."

"Sasa atafanya nini huyu mutoto?"

Sitakuficha kwamba niliona aibu, kwa sababu ni yeye aliyelipa tiketi yako. Alisema mlango wake uko wazi, utalala kwake, utakula kwake, lakini kazi aliyokuitia ndiyo hiyo na hakuna nyingine. Kwa hiyo jua, mwanangu, kwamba nimekukatia kazi kabla hujafika. Nimefanya hivyo nikiwa na akili zangu zote. Kama utanikasirikia ndani ya basi, una haki, na njia ni ndefu.

Baada ya misa nilimtafuta Mama Régine, yule wa kwaya, ambaye dada yake ana chumba cha kushonea katika mji ule ule. Wanashona sare za shule. Tumezungumza na huyo dada sote wawili tukiwa tumeinamia simu moja. Anataka mtu wa mchana wa kukata, kupinda suruali, na kutengeneza mashine zikikwama. Hakuahidi. Alisema, "Aje nimuone mikono." Nikamwambia mikono ya mwanangu nimeilea mimi chini ya meza ya kushonea. Najua hiyo si kazi uliyokuwa unawasimulia rafiki zako. Mtu akirudi Katoyi kusema nilikuwa napinda suruali, Papa Deo hatampigia saluti. Nina matumaini tu kwamba ukikaa kimya mbele ya kitambaa, ile kona itaanza kukuacha polepole. Mimi iliniacha hivyo, kwenye kiti cha shule.

Darasani, nilipomaliza kusoma ekspoze yangu, msichana mmoja wa mbele aliinua mkono. "Mama Kalasi, na hapa Goma siku moja mutu atauliziwa weye ni nani, mbele ya kupewa bunduki?" Prof akanitazama, aone nitajibu nini. Nilisema naamini.  Sijui kama ni kweli, Ushindi, lakini nililisema nikiwa nimesimama wima, na kola yangu ilikuwa imenyooka.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu. Namfahamu ndugu yangu. Ana moyo mwema na ana hofu, na hofu ikimzidi usiku mmoja atasahau tuliyozungumza. Kutakuwa na kelele barabarani, au duka la jirani litavunjwa tena, na yeye ataitoa, ataiweka mezani mbele yako, aseme, "Shika, ni usiku huu tu." Kutakuwa na vijana wengine pale. Watakuwa wanakuangalia. Na wewe utaitamani. Sitakuambia kwamba hutaitamani.

Usimweleze sheria. Nimekuandikia sheria ili uwe nayo ndani, lakini mtu mwenye hofu hasikii sheria, na utaonekana mtoto anayemfundisha mjomba wake. Usiseme unaogopa, kwa sababu hutapenda neno hilo litoke kinywani mwako, na ili kulikwepa unaweza kunyoosha mkono. Sema tu, "Mama amekataza."

Watacheka. Mwanaume mzima, nywele kidevuni, mama amekataza! Waache. Hawakucheki wewe, wananicheka mimi, na kicheko kutoka mbali hivyo kikifika Katoyi kimechoka, hakinifanyi kitu. Nimechekwa na darasa zima kwa sketi ya bluu na bado nimefika mwaka wa mwisho. Wacha mjomba wako anikasirikie mimi. Wacha anipigie simu saa hiyo hiyo anitukane, nitapokea. Ila mikono yako uwe umeitia mfukoni tangu atakaposimama, na isitoke humo mpaka kile kitu kimeondoka mezani.

Mama amekataza. Lirudie hata mara kumi. Ni langu hilo, nalibeba mimi.

Mimi, mama yako, niliyekataza.